Mkulima naye hununua mahindi, na huyanunua yakiwa ghali

Ndugu uliyeuliza kwa nini sisi wakulima tunalalamika bei za vyakula zinapopanda, ilhali ndio wauzaji, swali lako ni la haki, nami nitakujibu kwa yaliyonikuta Mbozi, mkoani Songwe, katika msimu wa 2021/22.

Shida yetu ilianza kabla ya vita vya Ukraine. Mwishoni mwa 2021 gesi asilia, ambayo ndiyo malighafi kuu ya mbolea ya urea, ilikuwa imepanda sana duniani, na China ilikuwa imebana uuzaji wa mbolea nje ya nchi; mfuko wa kilo 50 niliozoea kuununua kwa chini ya shilingi 60,000 ukapita 100,000. Niliweka mbolea nusu ya shamba, tena kwa fedha za mkopo, na katika nusu iliyobaki mahindi yalidumaa yakiwa na rangi ya manjano.

Julai 2022 muda wa kulipa mkopo ulikuwa umefika, na mahindi ya ghalani yalikuwa yameanza kutobolewa na dumuzi, mdudu anayekula nafaka. Nikauza karibu yote kwa mlanguzi, shilingi 55,000 kwa gunia, na gunia lenyewe lilikuwa lumbesa la debe saba badala ya sita. Februari 2023, mahindi mapya yakiwa bado mabichi shambani, nilinunua debe moja kwa shilingi 20,000, wakati langu lilikuwa limeondoka kwa chini ya 8,000. Kwa majuma kadhaa watoto wangu walikula mara moja kwa siku, na hilo bado linaniuma.

Jambo ninaloomba ulizingatie ni hili: kipimo cha bei za vyakula duniani cha FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kilifikia kilele Machi 2022, kikawa kinashuka mwezi baada ya mwezi, na hiyo Februari niliyokuwa nikitafuta debe kilikuwa kimeshuka kwa karibu mwaka mzima. Nafuu ya soko la dunia haikufika kijijini, kwa sababu njaa yetu hufuata mwezi tunaolazimika kuuza. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa watu wapatao milioni 735 walikabiliwa na njaa mwaka 2022, na naamini wamo wengi waliokuwa na chakula ghalani miezi michache tu kabla.

Wanaotaka mipaka ifungwe ili bei ishuke, nawasihi wafikiri upya, maana wanunuzi wa Kenya na Zambia wakizuiwa wakati wa mavuno, bei hushuka mwezi ule ule tunaouza na bei ya Februari hubaki ilivyo. Ruzuku ya mbolea iliyoanza 2022/23 ilinisaidia kweli. Lakini kilichobadilisha nyumba yangu ni mifuko isiyopitisha hewa, ambamo dumuzi hufa bila dawa: tangu 2023 naweka magunia sita humo kabla ya kuuza hata debe moja, na mkopo naulipa kwa maharage.