Kabla ya Kufungua Kopo la Oili, Tazama Saa

Juzi kijana mmoja aliyemaliza masomo ya ufundi wa ndege pale NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, alinitumia ujumbe. Amepata kazi, anaanza na zamu za usiku, na kwa miezi ya mwanzo atakuwa kwenye ukaguzi wa kawaida: matairi, breki, taa, kujaza oili. "Kaka, ni kazi ndogo ndogo tu kwa sasa," akaandika, "kubwa zitakuja baadaye." Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu nilikuwa njiani, lakini maneno yale "kazi ndogo ndogo" hayakuniacha. Namwandikia vizuri sasa, yeye na wenzake wote wanaoingia kwenye kazi hii.

Mimi nilikuwa na mwaka wa pili kazini. Ndege ya injini mbili iliingia saa nne usiku na ilipangiwa kuondoka alfajiri. Upande wa kushoto kulikuwa na tairi la kubadilisha, na breki zilikuwa bado za moto, kwa hiyo tuliganda pale chini muda mrefu. Nilipofika kwenye injini ilikuwa inakaribia saa saba. Nikaweka ngazi, nikafungua kijimlango cha ubavuni, nikamulika tochi kwenye kioo cha kusomea. Oili ilikuwa chini sana. Nikamimina makopo matatu mpaka kioo kikaonyesha imejaa. Nikahamia injini ya pili, ikanywa makopo mawili na nusu. Nikaandika kwenye logi, daftari la kazi za ndege, nikatia sahihi, nikaenda kunawa mikono nikiwa na amani kabisa.

Mzee wa zamu alifika saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa na desturi ya kufungua logi kabla ya kugusa chai. Aliniita.

"Mwanangu, hii ndege ilizimwa saa ngapi?"

"Saa nne, mzee."

"Na wewe umepima oili saa ngapi?"

Nikamwambia. Hakunifokea. Alirudi kurasa mbili nyuma, akatafuta mara ya mwisho oili ilipojazwa, akajumlisha saa zilizorukwa tangu hapo: tano. Makopo matatu kwa saa tano. Akanionyesha ile hesabu kwa ncha ya kalamu. "Injini hii inaumwa mahututi. Na ile nyingine nayo imeanza kuumwa usiku huu huu, kwa kiasi kinachokaribia kuwa sawa. Wewe unaamini hivyo?"

Sikuamini. Tulipanda chumba cha marubani, tukazungusha injini kwa stata bila kuiwasha, kama kitabu kinavyoelekeza, kisha tukarudi kwenye kioo. Oili ilikuwa imepita alama ya juu. Ikabidi tupunguze tuliyozidisha, injini zote mbili, huku abiria wakiwa wameshapanga foleni ya kuingia. Ndege ilichelewa kwa sababu yangu, na nilijifunza jambo ambalo darasani nilikuwa nimelisoma na kulifanyia mtihani bila kulielewa.

Jambo lenyewe ni hili. Oili ya injini ya jeti haikai sehemu moja kama ya gari. Gari lina karta chini, ukilizima oili yote inashukia huko, kwa hiyo kadiri unavyosubiri ndivyo kijiti kinavyosoma vizuri. Kwenye jeti oili hukaa kwenye tangi lililofungwa ubavuni mwa injini. Pampu huisukuma kwenda kwenye beringi na giaboksi, na pampu nyingine huinyonya huko na kuirudisha tangini. Injini ikizimwa, pampu zote husimama. Hapo oili huanza kujipenyeza taratibu kutoka tangini kurudi kwenye giaboksi na mabonde ya beringi, na kioo kinashuka ingawa hakuna hata tone lililopotea. Ukija baada ya saa tatu unaona upungufu ambao haupo.

Upande wa pili, ukikimbilia kufungua kifuniko mara tu injini inapozimwa, tangi bado lina presha na oili ni ya moto wa kubabua. Nimeona mkono wa mwenzangu uliopata somo hilo. Ndiyo maana kila injini ina dirisha lake la muda. Nyingi nilizozishika dirisha hilo hufunguka dakika 5 baada ya kuzima na hufungwa kabla saa moja haijaisha, nyingine nusu saa tu. Usibebe namba ya injini moja ukaitumia kwenye nyingine, fungua kitabu cha injini iliyo mbele yako. Dirisha likikupita, usimimine. Fanya utaratibu wa kuirudisha oili tangini kwanza, halafu ndipo usome.

Vijana wengi hudhani kuzidisha ni afadhali kuliko kupunguza. Hapana. Oili iliyozidi hukosa nafasi ya kupanukia ikipata moto, hutafuta njia ya kutokea kwenye tundu la kupumulia, na huacha michirizi chini ya injini. Mbaya zaidi, inaweza kupenya sili, vile vizuizi vya uvujaji, na kuingia kwenye kompresa, sehemu inayobana hewa. Ndege nyingi huchota hewa ya abiria kutoka kwenye kompresa ya injini, hivyo oili ikiingia huko harufu yake inafika kwenye viti. Marubani huiita harufu ya soksi chafu, na wanaandika ripoti, na wewe unashinda siku nzima ukitafuta sili iliyokufa kumbe hakuna, kuna mtu aliyemimina kopo moja zaidi.

Sasa hesabu ya mzee. Hii ndiyo ninayotaka uishike kuliko yote. Makopo uliyojaza, gawanya kwa saa zilizorukwa tangu ilipojazwa mara ya mwisho. Kopo moja ni kwati ya Kimarekani, lita moja kasoro kidogo. Injini nzima kiafya hula oili kidogo sana, mara nyingi chini ya robo lita kwa saa, na tangi la injini kama CFM56 linachukua karibu lita 20. Oili hiyo haiungui kwenye chumba cha moto, inapotea kama mvuke kupitia sili na tundu la kupumulia. Kwa hiyo kila injini ina tabia yake. Ile iliyozoea kopo 0.15 kwa saa ikaenda 0.18, kisha 0.22, kisha 0.3 kwa wiki kadhaa, inakueleza kwamba sili zinachoka. Ile iliyokaa kwenye 0.15 mwaka mzima ikaamka asubuhi moja kwenye 0.6, tafuta bomba, pete ya mpira, kifuniko, au mtu aliyepima saa mbaya.

Lakini yote hayo yanawezekana tu kama kila kopo limeandikwa. Nimekutana na mafundi wazuri, mikono ya dhahabu, ambao humimina nusu kopo bila kuandika kwa sababu "ni kidogo tu." Ninawaambia usoni na ninaandika hapa: huko ni kuficha ugonjwa. Injini inalia na wewe unaiziba mdomo. Nami ningependa logi yenye namba mbaya ya kweli kuliko logi safi isiyosema kitu. Andika na sifuri pia. Ukiangalia ukakuta haihitaji, "0" ni habari.

Watu wa nje huniuliza oili ya ndege inabadilishwa kila baada ya muda gani. Kwa injini kubwa nyingi za jeti, haibadilishwi kwa ratiba kama ya gari. Inapungua kidogo kidogo, unaongeza mpya, na kwa mwendo huo inajipya yenyewe. Humwagwa yote pale panapokuwa na sababu: imechafuka, imeungua, kuna kazi ya ndani, au mnahamia aina nyingine.

Kuhusu aina, usicheze. Oili hizi ni za kutengenezwa maabara, si za petroli ya ardhini. Zinazotimiza kiwango cha jeshi la Marekani cha MIL-PRF-23699, kama Mobil Jet Oil II na AeroShell Turbine Oil 500, zinapaswa kuendelea kutiririka hata kwenye baridi ya nyuzi 54 chini ya sifuri, halafu hiyo hiyo ikapoze beringi zilizo jirani na moto. Kuwa kwenye kiwango kimoja hakukupi ruhusa ya kuchanganya. Soma kopo, soma kibandiko kwenye injini, soma orodha ya kampuni yako. Na kwenye stoo angalia sana kopo la maji ya haidroliki, yale ya zambarau. Usiku, taa hafifu, umechoka, makopo yanafanana. Maji yale yakiingia jichoni utatamani kufa, na yakiingia kwenye tangi la oili hiyo injini haiwashwi tena mpaka kazi kubwa ifanyike. Jenereta nayo ina oili yake na kioo chake, usizichanganye hesabu.

Kopo lililofunguliwa halilali. Oili hii hunyonya unyevu wa hewani, na hewa yetu ya pwani unaijua. Kilichobaki kiende kwenye pipa la taka za oili. Futa kifuniko cha kopo kabla ya kulifungua, hakikisha hakuna kipande cha bati wala uzi wa kitambaa kilichodondokea ndani. Na vaa glovu. Nyingi zina trikresili fosfeti ya kuzuia vyuma kusagana, na baadhi ya aina za kemikali hiyo ni sumu kwa mishipa ya fahamu. Nilifanya kazi mikono mitupu miaka mingi kwa sababu wakubwa wangu walifanya hivyo. Wewe usifanye.

Nije kwenye pete za mpira, maana hapa ndipo watu wamekaribia kufa.

Tarehe 5 Mei 1983, ndege ya Eastern Air Lines aina ya Lockheed L-1011, injini tatu, iliruka kutoka Miami kwenda Nassau ikiwa na watu 172. Ikikaribia Nassau presha ya oili ya injini ya kati ikaporomoka. Wakaizima, wakageuza kurudi Miami. Kidogo mita za injini mbili zilizobaki nazo zikashuka mpaka sifuri. Marubani wakaona haiwezekani, lazima mita ni mbovu, injini tatu hazipotezi oili kwa pamoja. Kumbe zilikuwa zimepoteza. Zikazimika zote mbili, moja baada ya nyingine. Ndege ikaanza kushuka bila nguvu yoyote juu ya bahari, kutoka futi 13,000 hivi hadi kama 4,000, ndipo ile injini ya kwanza kuzimwa ikakubali kuwaka tena. Walitua Miami kwa injini hiyo moja, na hakuna aliyeumia.

Usiku uliotangulia mafundi walikuwa wamebadilisha plagi za sumaku kwenye injini zote tatu. Plagi hizo hunasa vumbi la chuma kwenye oili ili tujue kama kuna beringi inayosagika. Kazi ya dakika chache. Kwa kawaida plagi walizozikuta kabatini zilikuwa zimeshavishwa pete za mpira za kuzuia oili isivuje. Usiku ule kabati lilikuwa tupu, wakachukua nyingine stoo, hazikuwa na pete, na hakuna aliyetazama. Sahihi zikawekwa.

Miaka 12 baadaye, Februari 1995, Boeing 737 ya British Midland iliondoka East Midlands, Uingereza, na muda mfupi baadaye ikakimbilia Luton huku injini zote mbili zikiwa zimekaribia kukauka oili. Usiku uliotangulia zilikuwa zimekaguliwa ndani kwa kamera, vifuniko vya pale injini inapozungushiwa kwa ajili ya ukaguzi havikurudishwa, na injini hazikuwashwa kuangalia uvujaji. Walitua salama.

Tazama kinachofanana. Hakuna injini iliyoharibika yenyewe. Kosa moja lilirudiwa kwenye kila injini, usiku ule ule. Ndege hupewa injini zaidi ya moja ili moja ikifa nyingine ikulete nyumbani, na fundi mmoja mwenye usingizi anaweza kuzifanya zote kuwa moja. Kwa hiyo kama mko wawili, gawaneni: wewe kushoto, mwenzako kulia, kisha mbadilishane kukagua vifuniko. Ukiwa peke yako, omba mtu mwingine aje aguse kifuniko kabla hujatia sahihi. Usione haya kumwamsha mtu.

Kabla ya kufunga, zungusha kidole kwenye pete ya kifuniko cha tangi, uisikie kama imechanika au imebonyea. Nusa oili. Ikinuka mafuta ya taa, au kiwango kikapanda chenyewe bila mtu kujaza, usifurahi kwamba injini haili. Kuna mahali mafuta ya kuwashia na oili hupita jirani ili kupashana joto, na ukuta kati yake ukitoboka mafuta huingia kwenye oili. Hiyo ndege haiondoki.

Mdogo wangu, zamu yako ya kwanza ndege ikiingia, usisubiri kuambiwa. Simama pale chini, na injini ya mwisho ikizimwa andika saa kwa kalamu mgongoni mwa glovu yako. Kama kuna tairi la kubadilisha, mwambie mkuu wako, kwa heshima, "Mzee, naomba nisome oili kwanza, ndipo nije tairini." Mzee wangu alistaafu siku nyingi, lakini hadi leo naandika saa kwenye glovu, na vijana ninaokaa nao zamu wananiona nikifanya hivyo kila ndege inapoingia.