Valvu za 7591 kwenye Ampeg ya zamani

Ndugu yangu, umeuliza kama unaweza kuchomeka valvu (taa za kioo zinazokuza sauti) za aina ya 6L6 kwenye amplifaya yako ya gitaa ya Ampeg ya miaka ya 1960, kwa kuwa za 7591 hazipatikani na hizo nyingine zinaingia vizuri kwenye soketi. Usijaribu. Ni kweli kwamba zote hutumia soketi ya pini nane, lakini pini namba 8, ambayo kwenye 6L6 ni kathodi (sehemu inayotoa elektroni), kwenye 7591 ni gridi ya pili (wavu wa pili ndani ya valvu) inayobeba mamia ya volti, kwa hiyo ukiwasha utaunguza valvu, na pengine transfoma pia, ambayo ndiyo ghali hasa.

Habari njema ni kwamba 7591 zinatengenezwa tena: kuna za chapa ya JJ kutoka Slovakia na za chapa ya Electro-Harmonix kutoka Urusi. Agiza mbili zilizolinganishwa (zilizopimwa kuwa zinapitisha mkondo sawa), na kabla ya kulipa pima nafasi iliyopo kati ya soketi, kwa sababu baadhi ya hizi mpya ni nene kuliko za asili.

Kabla ya kuzichomeka, fundi apime volti za gridi ya kwanza (inayopokea ishara ya sauti) soketi zikiwa tupu. Zikikosa kuwa hasi, kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji) inayotangulia gridi huenda inavujisha umeme, na valvu mpya zitaiva nyekundu mbele ya macho yako. Wewe mwenyewe usiguse ndani: kapasita za umeme mkubwa hubaki na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa.