Mnauliza, tunajibu: Vijana wa sekondari hawakai maktabani, tufanyeje?

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi ni mkutubi kwenye maktaba ya mkoa, huku kwetu watoto wa praimari wanajaa jumamosi, wazee wanakuja kusoma magazeti, ila hawa wa miaka 13 mpaka 18 tunawaona kipindi cha mitihani tu, mtihani ukiisha basi tena. Tumepata chumba kilichokuwa stoo na kihela kidogo, mkuu wangu anataka tupake rangi za kuvutia tununue na viti vipya. Nianzie wapi? (Mkutubi, Nyanda za Juu Kusini)

JIBU: Njema ndugu yangu, na hongera, maana kupewa chumba siyo jambo dogo. Ila naomba hiyo hela ya rangi msiiguse kwanza. Kabla fundi hajaingia waite vijana wenyewe, kama kumi hivi, na wasiwe viranja na wale wanaoongoza darasani peke yao, waite na wale wanaopiga stori nje ya geti lenu kila jioni, uwaulize mkitoka shule mnaenda wapi na huko kuna nini ambacho hapa kwetu hakipo. Kule Phoenix, Marekani, maktaba kuu yao ya Burton Barr ilipotaka ukumbi wa vijana, ule uliofunguliwa 2001, vijana waliulizwa tangu kwenye dizaini, na ndo inavyotakiwa, kwa sababu mtu mzima akikaa peke yake kuwapangia anaishia kuwawekea kitu alichokitamani yeye enzi zake.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Chicago. Mwaka 2009 maktaba kuu yao, Harold Washington, ilifungua sehemu inaitwa YOUmedia kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari, MacArthur Foundation wakatoa fedha, wakaweka makochi, laptopu, kamera, studio ya kurekodi, na vitabu vipo humohumo vimewazunguka. Chance the Rapper, yule mwanamuziki maarufu wa rap wa Marekani, alikuwa anakuja pale akiwa bado mwanafunzi, anapanda kwenye jukwaa la mashairi na wenzie. Sasa watu wakisikia hivyo wanakimbilia kununua maikrofoni, wakati ukisikiliza vijana waliopita pale wanamtaja mtu, mshairi Mike Hawkins, wao walikuwa wanamwita Brother Mike, amefariki 2014, huyo ndo alikuwa anawapokea, anawasikiliza, anawasukuma waandike tena na tena. Mimi naamini kabisa mlezi wa namna hiyo ana thamani kuliko vifaa vyote vilivyomo, kwa hiyo kama hela yenu inatosha kitu kimoja tu basi tafuteni kijana wa chuo anayependa watu, mumlipe posho awe anakuja saa 8 mchana hadi mnapofunga.

Baada ya hapo ndo tuongee chumba. Vijana wanatembea kwa makundi, kwa hiyo weka meza za watu wanne mpaka sita, zile za mtu mmoja mmoja ziache kule kwenye ukumbi wa kusomea, na kama fundi wenu anaweza kuzifunga magurudumu afunge ili leo wakae duara kesho mpange safu za mdahalo. Soketi ziwe nyingi, hapo usibane matumizi, kijana akipata pa kuchajia simu na waifai anatulia. Chumba kiwe mbali na kona ya watoto wadogo (mwenye miaka 15 hataki kabisa kuonekana pale) na mbali pia na ukumbi wa kimya ili wakicheka asije mtu kuwafokea. Ukutani toboa dirisha kubwa la kioo, mlezi awaone bila kuwasimamia kichwani. Vitabu vichache vinatosha ila viwe vipya, na vikae jalada likitazama mbele. Rangi wachague wao mwishoni, na ikiwezekana wapake wenyewe.

SWALI: Dada mimi ni mama wa vijana wawili, hapa mtaani wanasema maktaba itawekewa gemu. Mtoto atasoma saa ngapi jamani? (Mama, Nakuru)

JIBU: Pole mama, nakuelewa. Ile sehemu ya Chicago ilijengwa kufuatana na utafiti wa Mizuko Ito na wenzake walioangalia vijana wanavyotumia teknolojia, wakaona kwamba wengi wanaanza kwa kukaa tu na marafiki, wakishazoea wanagusagusa vitu kwa kujaribu, halafu baadhi wanazama kwenye kitu kimoja mpaka wanakijua vizuri, sasa ukimfukuza kwenye ile hatua ya kukaa tu umemfungia na hizo nyingine. Helsinki, Finland, wana maktaba inaitwa Oodi, imefunguliwa Desemba 2018, ghorofa ya kati ina vyumba vya gemu, studio, cherehani na printa za 3D, ukipanda ghorofa ya juu unakuta vitabu, na vyote vinaishi jengo moja. Na mama yangu naomba nikwambie hili pia, ukimpeleka mwache. Stockholm, Sweden, kuna maktaba ya watoto wa miaka 10 hadi 13, Tio Tretton, ukiacha wafanyakazi mtu mzima haruhusiwi kuingia, mzazi anabaki nje.

SWALI: Shikamoo. Niko fomu tri, tukienda maktaba tukiongea kidogo tu tunatolewa, hata kama tunadiskasi hesabu. Tufanyeje? (Mwanafunzi, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kaeni watano au sita mwandike barua fupi kwa mkuu wa maktaba, ombeni mchana mmoja kwa wiki kwenye chumba cha mikutano kama kipo, wakati hakina watu. Andikeni mtafanya nini humo, mtakuwa wangapi, na mwalimu gani anawafahamu. Mkikubaliwa mpange viti kabla ya kuondoka na muandikishe majina kila mara, maana mkutubi akitaka kuwaombea chumba cha kudumu huko juu ataulizwa wanakuja wangapi, na hilo daftari lenu ndo atakalolionesha.