Msaada wa kisheria bure: anza na tarehe

Uhaba wa mawakili vijijini Tanzania ni tatizo la kweli. Lakini haki nyingi za wanyonge hupotea kwa kuchelewa, hata kabla suala la wakili halijafikiwa. Wewe msaidizi wa kisheria, unayesaidia watu bure bila kuwa wakili, mteja akishakaa, muulize tarehe kwanza: uamuzi ulitoka lini? Barua ya kuachishwa kazi aliipokea lini? Malalamiko yake utayasikiliza vizuri baada ya hapo.

Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 kufikisha mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Rufaa ya Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30 pia; ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni 45. Wengi huponzwa na kusubiri nakala ya hukumu, ilhali rufaa ya kutoka Mahakama ya Mwanzo haidai nakala hiyo iambatishwe. Muda ukishapita, inabidi kuomba kuongezewa, kwa kiapo kinachotoa sababu ya kila siku iliyochelewa. "Nilikuwa sina nauli" haitoshi bila ushahidi.

Kosa jingine ni kuruka hatua. Tangu mabadiliko ya 2021, baraza la kata husuluhisha tu migogoro ya ardhi, haliamui. Likishindwa ndani ya siku 30, mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Shauri la talaka nalo, kwa kawaida, hutupwa lisipokuwa na hati ya baraza la usuluhishi la ndoa kwamba usuluhishi umeshindikana.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inakukataza wewe msaidizi kumtoza mteja au kusimama mahakamani kwa niaba yake. Mwambie hivyo siku ya kwanza, na umweleze kwamba nauli na gharama za mashahidi bado zipo. Kisha mwandae azungumze mwenyewe: apange matukio kwa tarehe, ajue kila shahidi atathibitisha nini. Toa nakala za vielelezo seti tatu, ya mahakama, ya mpinzani na yake. Hati halisi arudi nazo nyumbani. Zikipotea ofisini kwako, umemuua kabisa.

Na mjane akija na shemeji yake kuhusu mirathi, mwombe shemeji asubiri nje. Mara nyingi yeye ndiye anayelishikilia shamba.