Daktari kuandika habari za afya, inawezekana ila sio unavyodhani

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama daktari anaweza kuwa mwandishi wa habari za afya huku bado anaona wagonjwa, na kama habari zake zinaaminika zaidi. Hilo la kwanza ndio, mimi nafanya, asubuhi kliniki jioni nipo kwenye kompyuta nakimbizana na mhariri. Hilo la pili hapana, mnatupa sifa za bure. Udaktari unakusaidia kusoma utafiti bila kamusi, ila kuhoji ni fani nyingine, sisi tumelelewa kuwaitikia maprofesa sio kuwabana.

Angalia ile skendo ya chanjo ya MMR, ile ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Wakefield, daktari kabisa, mwaka 1998 anachapisha kwenye jarida la kitabibu la The Lancet utafiti wa watoto 12 tu, dunia nzima inataharuki kwamba chanjo inaleta usonji. Aliyekuja kuufukua uongo wake ni Brian Deer, mwandishi, wala sio daktari, na jarida likaufuta ule utafiti 2010.

Kazi yenyewe sasa. Oktoba 2015 wale wa IARC, kitengo cha saratani cha WHO, walisema ukila gramu 50 za nyama ya kusindikwa kila siku, soseji bekoni na wenzake, hatari ya saratani ya utumbo mpana inapanda kwa asilimia 18, wakaiweka kundi moja na sigara. Basi vichwa vya habari vikawa soseji sawa na sigara! Kumbe lile kundi linapima uhakika wa ushahidi, halipimi ukubwa wa hatari. Na hiyo 18 unatakiwa uulize imepanda kutoka ngapi kwenda ngapi, maana kama kati ya watu 100 wangeugua 5, sasa wanakaribia 6, basi. Mhariri akisikia hivyo anakuambia stori imekufa, hapo ndo utajua msimamo wako lol.

Wagonjwa wako usiwaandike bila wao kuridhia, hata ukificha jina, umri na kazi na ugonjwa vinatosha jirani kumjua. Semina za kulipiwa na kampuni za dawa chagua moja, uende au uandike kuhusu hizo dawa, vyote viwili hapana. Halafu kabla hujatuma makala yoyote soma mkataba wako wa kazi, waajiri wengine hawataki kabisa uongee na vyombo vya habari bila kibali cha maandishi.