Barua kwa mwanangu: chombo cha kwenda Fungu Kizimkazi

Kunduchi, Dar es Salaam

Marahaba, mwanangu. Sisi wazima, ila goti linamsumbua baba yako na hataki kulisema.

Ujumbe wako umefika. Umedunduliza milioni 30 huko Mwanza na unataka kurudi nyumbani uwe mwenye chombo. Tena si cha kuzungukazunguka Mbudya na Bongoyo (visiwa vile ni hifadhi tangu 1975, usije ukaniletea kesi), bali cha kutoka nje hadi Fungu Kizimkazi, kile kisiwa kidogo cha kule kilindini, kwenye jodari na nguru. Umetaja vitatu na kuniomba nichague: mtumbwi mkubwa wa mbao wa hukohuko ziwani ambao ungepakiwa kwenye lori, boti ya faiba ya futi 30 iliyoko Ununio, na mashua ya futi 40 pale Mjimwema ambayo mwenyewe anataka kuiondoa kwa bei ndogo.

Jibu nakupa sasa hivi. Ya ziwani, hapana. Ya Mjimwema, hapana, ingawa baba yako amenuna kwa hilo. Ya Ununio, ndiyo, ikipita majaribio nitakayokuandikia, na usitoe nusu ya pesa zako kwa ajili ya bodi (chombo bila mashine) peke yake.

Mimi usukani sijaushika. Ila vyombo nimevilisha: nimelipa mafuta, barafu, kalafati (pamba ya kuzibia nafasi za mbao) na posho za mabaharia, nikasimama mnadani Feri, soko la samaki la mjini, kuhesabu kilichobaki. Ya mawimbi nimemuuliza baba yako, na pale tunapobishana nitakuambia.

Tuimalize kwanza hiyo ya ziwani. Mtumbwi wa Mwanza ni mzuri kwa Mwanza. Maji ya ziwa hayana chumvi, misumari ya kawaida inadumu, na wale funza wa baharini wanaotoboa mbao hawako huko. Ukiushusha Kunduchi, kutu na funza vitaanza kazi siku ileile. Halafu wimbi la ziwa ni fupi. La nje huku ni refu na linatoka mbali, na likipingana na mkondo linasimama wima. Unaikumbuka MV Skagit iliyopinduka karibu na Chumbe Julai 2012, ikitoka hapa kwenda Unguja? Ile ilikuwa meli ya abiria, na kabla ya kuletwa kwetu ilikuwa inahudumia Puget Sound kule Marekani, maji yaliyozungukwa na nchi kavu. Chombo kinaumbwa kwa maji yake. Na hiyo nauli ya lori kwa zaidi ya kilomita 1,000 umeihesabu?

Sasa ya Mjimwema. Wewe umevutiwa na futi 40, na kila mnunuzi mpya huanza na futi. Chombo kikubwa ni kama mgeni mwenye njaa: hakuulizi una nini ndani, kinataka kula. Futi 40 zinataka mabaharia wengi, barafu nyingi na nyavu kubwa, na zinataka samaki wa kutosha kulipa vyote hivyo kila safari, si safari moja moja. Ukitoa milioni zako zote kwa bodi, safari ya kwanza tu utakopa mafuta kwa mchuuzi, na mchuuzi aliyekukopesha mafuta ndiye atakayekupangia bei ya samaki. Hilo nimeliona Feri kwa wengi.

Na usidhani utaifunga mashine kubwa ikimbie. Mashua nzito inayokata maji, isiyopanda juu yake, ina mwendo wake wa mwisho unaotegemea urefu wake majini. Kwa futi 40 ni kama noti 8, yaani maili 8 za bahari kwa saa. Ukiongeza mashine, kinachoongezeka ni wimbi inalolivuta nyuma na petroli unayoichoma. Kinachoifaa ni dizeli ya ndani, yenye nguvu ya wastani, na hiyo hula kidogo kweli. Lakini mtikisiko wake huzilegeza mbao kuukuu, kalafati inatoka, na utakuwa unafua ngama (maji yanayojaa chini chomboni) usiku kucha. Mbao ambazo hazijapandishwa pwani na kukaguliwa muda mrefu sizinunui kwa bei yoyote.

Baba yako anasema nimeisahau tanga. Hoja yake ni hii: mashine ikifa, mashua inatweka na kurudi nyumbani, faiba inachukuliwa na mkondo. Hapo ana haki, na ndiyo maana nitakudai kitu kingine hapa chini. Mkondo wa pwani yetu unaelekea kaskazini mwaka mzima, na kusi (upepo wa kusini) likishika unaweza kufika noti 3 au 4. Boti iliyozimika Fungu Kizimkazi asubuhi haitakuwa hapo jioni.

Sasa faiba. Futi 30 zinatosha, ila uliza upana kabla ya urefu. Chini ya futi 7 kwa upana, mimi siitaki. Tazama tumbo lina kina gani, na ukingo unabaki juu ya maji kiasi gani chombo kikiwa kimebeba, si kikiwa kitupu. Kikiwa kitupu kila chombo kinapendeza.

Hebu tuhesabu mzigo. Watu watano, kilo 375 hivi na nguo zao. Barafu kilo 300, kwa sababu kwenye joto letu kila kilo ya samaki inataka kilo ya barafu. Petroli lita 190, ambazo ni kama kilo 140. Mashine mbili, kilo 110. Maji ya kunywa, chakula, nanga, kamba, mishipi na sanduku, kilo 100 na zaidi. Tayari ni tani moja, na bado hujavua samaki. Kwa hiyo mwambie muuzaji unataka kuijaribu na mzigo. Azima madumu ya lita 20, hamsini, yajaze maji, yapange mle ndani kama vitu vitakavyokaa kweli, halafu pima kwa rula kutoka majini hadi ukingoni. Toka nayo hivyohivyo nje ya miamba wakati upepo wa mchana umeamka. Muuzaji akikataa, umepata jibu bila kulipa fundi.

Ikiwa pwani, gonga bodi kote kwa mpini wa nyundo. Sauti kavu ni nzuri. Sauti ya kubonyea ina maana matabaka yameachana au maji yameingia. Kagua zaidi ule ubao wa nyuma unaobeba mashine. Ndani ya faiba huwa wamefungia mbao, na mbao hizo huoza kwa maji yanayopenya kwenye matundu ya bolti huku nje kunang'aa. Mwambie mtu mzito aishike mashine kichwani aivute na kuisukuma. Ubao ukicheza, hiyo si boti ya kwenda kilindini. Rangi mpya sana itilie shaka, hasa chini na kwenye pembe. Uliza pia povu la kuelea liko wapi. Boti ya nje lazima ielee hata ikijaa maji, watu waishikilie. Wakikuambia lipo, wakuonyeshe.

Kisha ilale majini usiku mmoja bila mtu kuifua. Asubuhi nenda ukaangalie ngama.

Mashine. Kwa bajeti yako chukua Yamaha Enduro ya HP 40. Si kwamba ni bora duniani; ni kwamba kila fundi wa pwani anaijua, na spea zake zinapatikana mjini. Zile ambazo petroli yake haichanganywi na oili zinatumia petroli pungufu, ni kweli, lakini ni ghali na zina vifaa ambavyo fundi wa Kunduchi hawezi kuvigusa bila kompyuta. Usinunue mashine iliyofanya kazi baharini kabla hujafungua na kuona njia za maji ya kupoza. Chumvi huziba kimyakimya. Andika namba ya mashine na uiulizie, maana mashine za wizi ni nyingi.

Mafuta yake: kutoka Feri hadi Fungu Kizimkazi ni karibu maili 40 za bahari. Kwa noti 10 na mzigo, saa nne kwenda na saa nne kurudi. Ukiiendesha kwa kiasi, mashine hiyo hula lita 13 hivi kwa saa, na ukirambaza (kuvuta mishipi nyuma ya boti) saa chache pale unaongeza kama 20. Jumla kama lita 125. Utabeba 190, kwa sababu kanuni ya wazee ni theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi usiyoigusa. Chukua bei ya mafuta inayotangazwa na EWURA, mamlaka ya nishati na maji, ya mwezi huo, zidisha, ongeza oili na barafu, upate gharama ya safari moja. Kisha gawanya kwa bei ya chini ya jodari pale Feri, ile ya siku samaki wamejaa. Hicho ndicho kiasi cha samaki kabla hujapata hata mia. Nakusihi ufanye hesabu hii kwa mkono wako.

Na usiifanye kwa siku zote za mwaka. Kusi likishika, kuanzia mwezi wa 5 au 6 hadi wa 9, siku za kufika huko ni chache. Miezi hiyo chombo kitajilipia karibu na nyumbani, kwa mishipi ya changu na usiku wa giza kwa taa na dagaa. Hapo ndipo ile ya futi 40 ingekuangusha: gharama zake hazipungui samaki wakipungua.

Kitu nilichosema nitakudai ni mashine ya pili. Ndogo, HP 15, yenye tangi lake na mpira wake wa mafuta, isitegemee chochote cha kubwa. Baba yako bado anataka na mlingoti. Mpe nafasi ya mlingoti mfupi, faida yake utaiona na nyumba itatulia.

Pesa nimezigawa hivi, utarekebisha ukishaona bei: bodi milioni 12, mashine mbili 10, vifaa 3, na 5 zibaki benki za kuzungushia, hazitoki hata muuzaji akilia. Vifaa maana yake jaketi okozi kwa kila mtu, redio ya VHF (chaneli 16 ndiyo ya dharura), GPS na dira pia kwa sababu betri hufa, fataki za ishara, taa, nanga yenye kamba ndefu na sanduku zuri la barafu. Utabiri wa bahari wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa, haulipiwi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoisogelea Mafia walitangaza mapema, waliosikia wakavuta vyombo juu.

Mkopo: serikali imekuwa ikikopesha boti za faiba kwa masharti nafuu kupitia TADB, benki ya maendeleo ya kilimo. Ulizia kabla hujanunua, kwa sababu baada ya kununua hutakuwa na cha kuulizia.

Mgao na mabaharia patana nao mapema, mbele ya watu wa BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha pwani yenu. Sehemu nyingi za pwani hutoa kwanza matumizi, kinachobaki kinagawanywa kati ya chombo na watu. Mimi ningempa nahodha kidogo zaidi ya desturi. Nahodha anayeridhika hageuzi njia kwenda kuuza samaki kwingine.

Karatasi: usajili na leseni ya uvuvi kwa afisa uvuvi wa manispaa, ukaguzi wa usalama kwa TASAC (shirika la serikali la uwakala wa meli), na hati ya mauziano iliyosainiwa mbele ya mwanasheria. Namba iliyo kwenye bodi ifanane na ya kwenye usajili. Usikubali kuambiwa "zitafuata".

Omba likizo iangukie siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka kupita kiasi. Maji yakitoka sana, boti ya Ununio itakaa mchangani uitazame tumbo lote, na yakijaa utaijaribu siku hiyohiyo. Baba yako atakuja na nyundo, mimi nitakuja na daftari. Mpaka wakati huo usimtumie yule mtu arubuni, hata akikuambia kuna Mzanzibari anaitaka kesho. Huyo Mzanzibari yupo kwenye kila biashara.

Nitumie picha ya namba ya mashine yake kama unayo, niiulizie kwa mafundi wa Feri wiki hii. Baba yako anaagiza sangara mkavu.

Mama yako