Video shirikishi: kamera ikae mikononi mwa nani?

Swali: Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Tandale, Dar es Salaam. Tunataka kutengeneza video shirikishi, yaani ambayo wanajamii wenyewe huipanga na kuirekodi, na akina mama kuhusu kuhara kwa watoto. Tuna kamera moja na siku 4. Mpiga picha mmoja anasema akina mama wakishika kamera picha zitatikisika. Bora waigize, yeye apige na kuhariri. Tukubali?

Jibu: Msikubali. Huyo anawauzia tangazo lenye sura za akina mama. Picha ikitikisika, dawa yake ni stendi ya miguu mitatu. Kinachoharibu kweli video za mtaani ni sauti: bodaboda, upepo, redio ya jirani. Tafuteni maikrofoni ya mkononi yenye waya, na mmoja avae hedifoni muda wote. Asiposikia vizuri, mrudie.

Siku ya kwanza watu 8 hadi 10 wakae duara, kila mmoja amrekodi jirani yake akijitambulisha, kisha mtazame papo hapo. Aliyemkata mwenzake kichwa kwenye picha ataliona kosa mwenyewe. Siku ya pili wachore kisa chao katika visanduku 6 hadi 8 kwenye karatasi kubwa, kila kimoja tukio moja. Muuguzi aingie hapo, kabla ya kurekodi: pakiti ya ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini) ya lita moja huchanganywa na lita nzima ya maji safi na salama, zinki hutolewa siku 10 hadi 14 hata kuhara kukikoma, na mtoto aendelee kunyonya. Ya tatu rekodini kwa kufuata michoro, mkinyamaza sekunde 5 kabla na baada ya kila kipande. Kuhariri kutakuwa kidogo. Ya nne ni kuonyesha mtaani. Simamisheni video katikati, muwaulize watazamaji wangefanya nini.

Ridhaa iombwe mara mbili, kabla ya kurekodi na baada ya mtu kujiona. Huko kisiwa cha Fogo, Kanada, mwaka 1967, wakazi waliorekodiwa katika mradi wa filamu za jamii walitazama vipande vyao na kuvikubali kabla havijapelekwa kwingine. Mama aliyesimulia kifo cha mwanawe akighairi, kipande chake kifutwe bila kuulizwa sababu. Kikishaingia WhatsApp hakirudi.

Wanaouza "ushirikishi" kwa siku moja wako wengi. Muulizeni kila mmoja: nani amechagua mada, nani anashika kamera, nani anaamua kinachokatwa? Akijibu "mimi" hata mara moja, mwacheni aende. Watu waliotumiwa kama waigizaji hawaji kwenye mkutano wa pili, nanyi mtadhani wamepuuza afya ya watoto wao. Na kadi ya kumbukumbu ibaki kwa kikundi, isiondoke na mtu yeyote.